Seti ya Biti za Rangi ya Dhahabu

Watu walimwita Dada Cheche, na hata aliyemkuta kwa mara ya kwanza hakuhitaji kuambiwa sababu. Kila ukipita mbele ya karakana yake ungemwona ameinama juu ya chuma, uso umefunikwa kwa ngao ya kuchomelea, cheche zikimrukia miguuni naye hashtuki. Mwendo wake ulikuwa wa mtu anayechelewa mahali. Alikula amesimama. Akikusalimia, kabla hujamaliza kuitikia ameshafika kwenye jambo la pili.

Karakana ilikuwa ya baba yao, yeye na mdogo wake wa kiume. Baba alipofumba macho, ndugu wa ukoo walikuja na ushauri tele: karakana iuzwe, binti aolewe, kijana atafutiwe kazi ya kuajiriwa. Dada Cheche aliwasikiliza wote kwa adabu na kuwamiminia chai. Kesho yake asubuhi akafungua karakana na kuwasha mashine, na mjadala ukaishia hapo.

Mdogo wake aliitwa Kobe. Jina hilo alimpa dada mtu mwenyewe wakiwa watoto, kwa sababu alipotumwa dukani alirudi jua limezama, na ukimuuliza ulikuwa wapi, anakuambia alikuwa anaangalia jinsi watu wanavyotengeneza barabara. Jina lilimganda mpaka ukubwani. Mkewe alimwita hivyo, wateja walimwita hivyo, naye aliitikia bila kinyongo. Au ndivyo dada yake alivyodhani.

Kwa kweli walifaana. Cheche aliona kazi, akaitaka, akaahidi siku ya kuikamilisha. Kobe alipima, akapima tena, akaweka alama kwa chaki, akaisogelea ile alama kama anayetaka kuinong'oneza siri. Milango waliyoitengeneza haikukwaruza sakafu, na vitanda vyao vya chuma havikulia usiku. Sifa nyingi alizipata dada, kwa kuwa ndiye aliyesimama mbele. Kobe alifurahi kukaa nyuma, penye jiliwa lililobana chuma na drili ya kusimama iliyoachwa na baba. Kutoboa ilikuwa kazi yake. Kununua biti, yaani zile chuma zilizojisokota zinazotoboa, ilikuwa pia kazi yake.

Hapo penye kununua pana kisa chake.

Duka la vifaa vya mafundi lilikuwa moja tu la kuaminika, pale penye kona ya barabara kubwa. Mwenye duka alikuwa mzee mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, mtu wa heshima zake, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuamini kwamba mwanamke anaweza kuwa fundi. Siku ya kwanza Dada Cheche alipokwenda pale baada ya msiba, aliomba diski za kukatia. Mzee akamtazama, akatazama nyuma yake kama anayemtafuta mtu, akauliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi, nimuulize anataka za unene gani?"

"Fundi unaongea naye."

"Ndiyo, mama, lakini yule anayezitumia."

Dada Cheche alimwachia diski zake, akatoka. Aliapa kwamba mguu wake hautakanyaga tena mlango ule. Tangu siku hiyo Kobe ndiye aliyekwenda, na kwa kuwa Kobe alikuwa Kobe, alikaa huko nusu siku. Aliitoa biti moja moja kwenye kasha, akaigeuza mbele ya mwanga, akaiviringisha juu ya kioo cha kaunta aone kama imepinda. Mzee wa duka alimpenda kama mwanawe. Dada mtu huku karakana alikuwa anachemka.

"Umekwenda kununua biti au kuoa?" alimuuliza siku moja aliporudi.

"Biti mbaya ni kama mke mbaya, dada. Heri kuchelewa kumpata."

Walicheka wote. Enzi hizo walikuwa bado wanacheka pamoja.

Mwaka ule zahanati mpya ilikuwa inajengwa mtaa wa pili. Muuguzi mkuu, mwanamama mwembamba mwenye sauti ya amri, alifika karakana akitaka vyuma vya kushikilia kwenye korido, ili wagonjwa na wazee watembee wameshika. Alivitaka vya ile chuma nyeupe isiyoshika kutu. Kazi nzuri, kazi ya kuonekana. Dada Cheche aliikubali papo hapo na kutaja siku ya kuimaliza kabla Kobe hajafuta mikono.

"Dada," Kobe alisema kazi ilipofikia kutoboa, "chuma ile si kama hizi zetu. Ukiisugua kwa biti butu inapata moto, na ikipata moto inazidi kuwa ngumu. Tunahitaji biti za kobalti. Tulizonazo zimechoka."

"Si uzinunue!"

"Nitazinunua. Ila mzee wa duka kasafiri kwenda kuzika. Atafungua wiki ijayo."

Dada Cheche alipiga ulimi. Wiki ijayo? Mabano ya kushika mabomba ukutani yalikuwa yameshakatwa, mabomba yameshang'arishwa, kilichobaki kilikuwa matundu ya skrubu tu. Zahanati ilikuwa ifunguliwe, na muuguzi mkuu alikuwa akipita kila asubuhi kuchungulia kama anayekagua wodi.

Basi siku hiyo, mchana, akapita mchuuzi. Kijana mchangamfu, mdomo wa asali, begani kabeba mfuko, mkononi kasha la bati. Alilifungua mbele ya karakana, na hata Dada Cheche, ambaye hakuwa mtu wa kubabaika na vitu, alisogea. Biti zilijipanga humo kuanzia nyembamba kama sindano hadi nene kama kidole gumba, zote rangi ya dhahabu, zinang'aa kama vito vya bibi harusi. Zilikuwa nyingi kiasi kwamba mtu asingezimaliza maishani.

"Hizi, dada yangu, zinatoboa chuma, mbao, ukuta, hata jiwe," mchuuzi alisema. "Zinatoboa mpaka shida."

Mafundi wa jirani walikuwa wamesogea. Muuguzi mkuu naye, kama alivyo, alikuwa amekuja kuchungulia, yupo mlangoni mikono kiunoni. Kobe aliinua biti moja, akaigeuza mbele ya mwanga. Akaitazama ncha. Akachukua msumari, akaukwaruza ubavuni mwa biti, na rangi ya dhahabu ikatoka kama rangi ya kucha.

"Dada, hii ni rangi tu," alisema kwa sauti ya chini. "Na tazama ncha, makali mawili hayalingani. Moja refu, jingine fupi. Haitatoboa, itacheza. Halafu shina lake halina alama yoyote iliyochongwa. Hatujui ni chuma gani. Tusubiri."

Neno lile, tusubiri, ndilo lililomkera. Alilisikia tangu utotoni. Na muuguzi alikuwa anasikiliza, na mafundi wengine walikuwa wanasikiliza, na yeye ndiye aliyekuwa ameahidi. Dada Cheche akacheka. Alicheka kwa nguvu, kichwa nyuma, akawageukia watu kama anayewapa zawadi.

"Mnamwona huyu? Huyu akitaka kumeza mate, kwanza huitisha kikao! Mama muuguzi, tukimsubiri Kobe hapa, wagonjwa wako watapona wenyewe waende nyumbani!"

Watu waliangua kicheko. Mchuuzi alicheka mpaka akashika kasha lisianguke. Hata muuguzi, uso wake mgumu ulilegea. Dada Cheche aliinunua ile seti bila hata kumwomba apunguze.

Kobe aliirudisha biti aliyoishika mahali pake, polepole, akifuta na vidole alipoigusa. Dada yake aliona masikio yake yamewiva. Aliona, akaacha. Ni jambo ambalo baadaye alilirudia kichwani mara nyingi kuliko lile lenyewe lililofuata: kwamba aliona.

Walianza kazi watu bado wapo. Dada Cheche alitoboa tundu la kwanza mwenyewe. Biti iliteleza juu ya chuma, ikachora mduara kama mtoto anayejifunza kuandika, kisha ikashika. Moshi ulitoka. Tundu lilipatikana, baya, lenye kingo zilizochanika, lakini tundu. "Mnaona?" alisema. La pili lilimtoa jasho. Kwenye la tatu ncha ilikuwa nyeusi, biti inalia, chuma haingiki. Alikandamiza, wapi.

"Nipe," Kobe alisema.

Alimpokonya mpini wa drili ya baba. Kobe, ambaye hakuwahi kumpokonya mtu kitu. Aliweka biti nyingine ya dhahabu, akaibana, akaiwasha drili bila kutia mafuta, yeye ambaye kila siku aliwasumbua watu kwa mafuta. Miwani yake ya kinga ilikuwa imekwaruzika, na biti ilikuwa inacheza nje ya alama, basi akaipandisha miwani kwenye paji la uso ili aone vizuri. Akaegemea mpini kwa kifua chake chote. Dada Cheche alitaka kumwambia taratibu. Neno lilifika kooni. Lakini angelisemaje yeye, mbele ya watu wale wale?

Biti ilipenya upande wa pili, ikakwama, ikakatika. Sauti yake ilikuwa ndogo tu, kama kijiti kikavu. Kobe alirudi nyuma hatua, akaketi chini, mkono mmoja usoni. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Dada, zima mashine."

Alizima. Muuguzi mkuu ndiye aliyemfikia wa kwanza, na sauti yake ya amri ikawa ya msaada: usisugue, lala hivi, leteni gari. Mchuuzi hakuonekana tena. Hospitali walijitahidi. Walimpeleka chumba hiki, wakamhamisha kile, akaja daktari wa macho kutoka mbali. Mwishoni daktari alimwita Dada Cheche na mke wa Kobe kwenye benchi la ukumbini, akawaeleza kwa upole kwamba jicho la kulia halitaona tena, na kwamba la kushoto liko salama na wamshukuru Mungu.

Mke wa Kobe, wifi yake, alikuwa mwanamke mpole asiye na maneno. Hapo kwenye benchi alimgeukia Dada Cheche, akasema, "Wifi, wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi sikuwepo, lakini nimeambiwa." Baada ya hapo hakusema naye kwa muda mrefu.

Kobe alipopona alirudi karakana asubuhi moja. Alisimama mbele ya drili ya baba, akaweka kipande cha chuma, akateremsha biti juu ya alama. Ilitua pembeni. Akajaribu tena, ikatua pembeni upande mwingine. Mwenye macho mawili hajui anavyopima umbali mpaka apoteze moja. Dada yake alisema, "Utazoea, mdogo wangu, ni siku za mwanzo tu." Kobe alitikisa kichwa kukubali, akafuta meza, akatundika aproni yake kwenye msumari, akaenda nyumbani. Baadaye zikaja habari kwamba amepata kazi kwenye ghala la nafaka, kusimamia mizani. Kusoma mizani jicho moja linatosha.

Hakukuwa na ugomvi. Hilo ndilo lililomtesa Dada Cheche. Angetukanwa, angejua aanzie wapi. Alikwenda kumwona, akakaribishwa kiti. Walizungumza habari za mvua, za paa linalovuja, za mama mdogo anayeumwa miguu. Alipotaka kuligusa jambo lenyewe, Kobe aliligeuza: "Ilikuwa ajali, dada. Ajali haina kinga." Naye alirudi nyumbani na mzigo ule ule alioondoka nao.

Kazi ya zahanati ilimaliziwa na karakana nyingine. Lile kasha la bati Dada Cheche alilitupa kwenye pipa la vyuma chakavu, na mnunuzi wa vyuma chakavu alipolikuta akasema, "Mama, hizi mpya kabisa!" akapigiwa kelele bila kuelewa kosa lake. Kutoboa alikuwa hatoboi tena. Alichomelea, alikata, alikunja. Palipohitaji tundu alibeba chuma hadi kwa fundi wa jirani. Drili ya baba ilishika vumbi, buibui akajenga. Jirani alivumilia miaka, mpaka siku moja, amechoka, akamwambia, "Dada Cheche, pole yako naijua. Lakini mimi siyo kidole chako. Nunua biti, ufanye kazi."

Usiku ule usingizi ulimpaa. Asubuhi alifanya alichokuwa hajawahi kufanya maishani: alikwenda ghalani kwa Kobe, akasubiri mpaka magunia yote yapimwe, amekaa juu ya ngazi, hagusi kitu, hamhimizi mtu.

"Kuna nini, dada?" Kobe aliuliza alipotoka, amejaa vumbi la mahindi.

"Nataka kununua seti ya biti. Sijui kuchagua. Twende wote."

Kobe alimtazama kwa jicho lake moja. "Dukani kwa mzee?"

"Kwa mzee."

"Wewe?"

"Mimi."

Alicheka kidogo, ndani kwa ndani, akavua kofia na kuikung'uta. Wakaenda.

Mzee wa duka alikuwa amezeeka, ila ugonjwa wake haukuwa umepona. Alimkumbatia Kobe kwa furaha, akamwona Dada Cheche, akamwitikia kwa heshima, kisha akamgeukia Kobe. "Haya, fundi, unataka nini leo?"

"Mwulize fundi," Kobe alisema, akamwonyesha dada yake kwa kidevu. "Mimi napima mahindi."

Mzee alivaa miwani yake. Ilimchukua muda. "Mama... fundi. Unataka nini?"

Dada Cheche alikuwa ameiota siku ya kuambiwa hivyo, na majibu alikuwa nayo tangu zamani, yenye pilipili. Siku hiyo aliyaacha yote. Alisema tu, "Nataka biti nzuri, za chuma ya kawaida na za ile isiyoshika kutu. Chache, lakini nzuri."

Mzee alileta makasha. Kobe hakugusa. Alisimama pembeni ya dada yake akamwacha yeye ashike, yeye ageuze. "Tazama shina kwanza. Alama imechongwa au imepakwa wino? Pitisha ukucha." Alipitisha ukucha. Ilikuwa imechongwa. "Sasa ncha. Ielekeze kwenye mwanga. Makali yanalingana?" Aliinua biti mlangoni mpaka mwanga ukapita kwenye mifereji. Alitazama. Alitazama tena. Kwa mara ya kwanza aliona kile ambacho mdogo wake alikuwa akikiona nusu siku nzima: kingo mbili ndogo, zimekaa sawasawa kama ndugu kwenye benchi. Katikati ncha ilikuwa imechongwa tena kwa mkato mdogo, ili isiteleze inapoanza. Aliiviringisha kwenye kioo cha kaunta. Ilikwenda bila kuyumba.

Kasha la pili lilikuwa na biti nyingi zaidi, zinang'aa. Alianza na ncha. Ya kwanza nzuri, ya pili nzuri, ya tatu ukingo mmoja umezidi mwingine. Alilifunga, akalisukuma pembeni bila kusema neno. Kasha la tatu halikuwa na uzuri wowote. Biti zake zilikuwa na rangi ya majani makavu, zimefifia, hazivutii macho. Kobe alisema, "Hizo ni za kobalti. Ngumu, lakini hazipendi kupindishwa. Ukizitumia uende polepole, utie mafuta, ukandamize bila kusitasita. Zikianza kulia, acha."

"Zikianza kulia, acha," dada yake alirudia.

Walikaa pale mpaka mzee akawaletea viti. Watu waliingia na kutoka. Hatimaye alichagua makasha mawili madogo, moja la biti za kawaida, moja la zile zilizofifia. Mzee aliyafunga kwa karatasi, akasema peke yake kama anayetoa hukumu, "Huyu anajua kuchagua." Dada Cheche hakuona fahari. Aliona aibu, kwa sababu ilikuwa rahisi. Haikuhitaji akili kubwa wala miaka ya chuo. Ilihitaji kusimama tu na kutazama, na hilo ndilo alilokuwa amelicheka.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta wa duka, alisimama, kifurushi kifuani. "Mdogo wangu," alisema, "lile jicho..."

"Dada."

"Niache niseme. Mimi ndiye niliyenunua zile takataka. Ulinikataza. Jicho lako liko shingoni mwangu."

Lori lilikuja likiunguruma. Lilipopita Kobe akasema, "Jicho sikudai, dada. Nimekwambia zamani, ile ni ajali. Biti nzuri nazo hukatika. Na ni mimi niliyepandisha miwani, na ni mimi niliyeacha mafuta. Nilijua. Hakuna mtu aliyejua kuliko mimi."

"Sasa kwa nini ulifanya?"

"Kwa sababu mlicheka." Alilisema bila ukali, kama anayesoma mizani. "Maisha yangu yote umeniita Kobe, nikaitikia. Nilidhani ni utani wetu, wa nyumbani. Siku ile ukaninadi mbele ya watu. Mimi siku ile sikuwa nafanya kazi, dada. Nilikuwa nakikimbia kile kicheko. Sijawahi kukimbia maishani, na siku niliyokimbia ndiyo ile."

Majuto ni mjukuu, husema watu, nao husema kweli. Ila hawasemi kwamba mjukuu huyo akija hukuta nyumba haina mahali pa kumkalisha. Dada Cheche alikuwa amejiandaa kuomba radhi ya jicho. Kwa miaka alikuwa ameinoa ile radhi mpaka ikawa kali, na sasa akaona ameileta mlango usio wake.

"Nisamehe kwa kukucheka," alisema mwishowe.

"Nimekusikia," Kobe alijibu.

Dada yake alingoja neno jingine. Kobe aliweka kofia yake kichwani, akaangalia jua. "Wanangoja funguo za ghala," alisema.

"Karakana ipo," dada yake alisema haraka, kwa ule uharaka wake wa zamani. "Drili ya baba ipo. Hata ukija kukaa tu, kuniambia. Nitakulipa fundi kamili, nita—"

"Hapana, dada." Alimgusa bega. "Pale siwezi. Kila nikiingia nasikia watu."

Akaenda zake, kwa mwendo wake ule ule. Dada Cheche alimtazama mpaka akakata kona, na hakumwita.

Alirudi, akafuta buibui, akaitia mafuta drili. Alijifunza kutoboa upya, mwanamke mtu mzima, mwenye jina lake mjini. Mwanzoni mkono ulitaka kuharakisha. Aliuzuia. Biti za kobalti ziliingia kwenye chuma kwa sauti ya chini, nyuzi ndefu za chuma zikajikunja na kuanguka mezani, na tundu likatoka safi mpaka unaweza kupitisha kidole usikwaruzike. Wateja waliongezeka. Wafanyakazi wawili aliowaajiri walishangaa kwamba bosi anayeitwa Cheche huwa hawakaripii wakichelewesha kupima. Wakimwita jina lile aliitikia. La mdogo wake lakini hakulitamka tena. Alimwita mdogo wangu, hata asipokuwepo, na aliyelitaja lile la zamani mbele yake alimtazama mpaka akabadilisha mazungumzo.

Msimu wa mvua ulipokaribia, wifi yake alimtumia ujumbe kupitia kwa jirani: dirisha la chumba cha nyuma limeoza, wanataka nondo zifungwe kabla wezi hawajagundua. Hakusema kwamba wamesameheana. Alisema nondo. Dada Cheche alibeba vyuma begani, akabeba drili ya mkono, kasha na biti za ukuta, akafika Jumapili mchana.

Kobe alimshikia fremu ukutani huku yeye akitoboa. Walifanya kazi bila maneno mengi. "Shusha kidogo. Hapo. Taratibu... sasa," Kobe alielekeza. Ilikuwa kama zamani, ila zamani dada ndiye aliyekuwa akitoa amri. Wifi alipita na beseni la nguo, akasimama kidogo, akasema, "Wifi, utakunywa chai?" na Dada Cheche akasema atakunywa, akainamia kazi haraka ili uso wake usionekane.

Ilibaki skrubu ya mwisho. Ilikuwa kwenye kopo juu ya stuli, mbele yao. Kobe alinyoosha mkono aichukue ampe. Vidole vyake vilifumba hewani, kando kidogo ya kopo. Akavirudisha, akavipeleka tena, safari hii vikagonga ukingo wa kopo, vikaupapasa, vikashuka ndani.

Dada Cheche alikuwa ameona. Aligeuka ukutani, akajifanya anapuliza vumbi kwenye tundu, akalipuliza muda mrefu, hata baada ya vumbi kwisha, mpaka aliposikia sauti ya mdogo wake nyuma yake ikisema, "Hii hapa, dada." Ndipo akageuka, akanyoosha mkono, akapokea.